Vidonge vya moyo vimechanganyika kwenye kopo moja: nitavitambuaje?

Swali la msomaji, Tanga

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kuambiwa kwamba moyo wake umetanuka na hausukumi damu vizuri. Alipewa dawa za aina tano. Mjukuu wake wa miaka mitano, akicheza, amevibonyeza vidonge vyote kutoka kwenye pakiti na kuvimimina kwenye kopo la maziwa, na pakiti zenyewe zimekwisha kuchomwa pamoja na takataka. Vingi ni vyeupe vidogo, vingine vina mkato katikati, na vingine ni vya manjano vya mviringo. Kaka yangu aliyeko Marekani ameingiza picha yao kwenye tovuti ya kutambua vidonge, na anasema vile vya manjano ni dawa ya kisukari, ilhali mama hana kisukari. Nivitambue vipi? Na kila kimoja kina kazi gani? Mama mwenyewe analalamika kwamba dawa tano ni nyingi na anataka kuacha mbili.

Jibu la mfamasia

Dada, kuna jambo ambalo hukuliuliza na kwangu ndilo la kwanza. Mtoto alikuwa na vidonge mkononi. Muulize kwa upole, bila kumtisha, kama alionja au alimeza hata kimoja. Dawa zinazoshusha presha na zile zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa kipimo cha kawaida cha mtu mzima, zinaweza kumlegeza mtoto mdogo, kumtia usingizi usio wa kawaida, kumtapisha au kumwangusha. Akikiri kwamba alimeza, hata kama anaonekana mzima, au ukiona dalili mojawapo kati ya hizo, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe.

Sasa mama. Asipewe kidonge chochote kutoka kwenye kopo hilo kwa kukisia, hata kile ambacho mwenyewe anasema anakijua kwa sura. Kukosa dozi ya usiku mmoja, kwa mgonjwa aliyetulia, ni jambo linalorekebishika, ilhali kumpa dawa moja mara mbili na kumkosesha nyingine ni jambo ambalo moyo dhaifu huenda usilihimili. Asubuhi yake chukua kopo, fomu ya kuruhusiwa, kadi ya kliniki na risiti kama zipo, uende kwenye famasia ya hospitali iliyotoa dawa, kwa sababu wao wana kumbukumbu ya walichompa na wanajua dawa za kiwanda gani zilikuwa kwenye rafu siku hiyo. Ikiwa hospitali iko mbali, famasia yoyote yenye mfamasia aliyesajiliwa inaweza kukupatia dawa upya kwa kufuata fomu. Usicheleweshe zaidi ya hapo, maana mgonjwa wa aina hii akikaa siku kadhaa bila dawa, maji huanza kurudi miguuni na kifuani. Na kama tayari anahema kwa shida au hawezi kulala chali, msipitie famasia. Nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura.

Jiandae kuambiwa kwamba vidonge vingi vya kopo hilo vitupwe. Mfamasia makini atakubali tu kile anachoweza kukithibitisha kwa alama iliyochongwa juu yake pamoja na kumbukumbu ya hospitali. Vingine ataviweka kando, na hapo hafanyi hivyo ili akuuzie upya. Furosemide, dawa ya kuondoa maji mwilini, na enalapril, dawa ya kulegeza mishipa, kwa mfano, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa katika famasia, na hakuna sababu ya kuhatarisha maisha ya mama ili kuziokoa.

Nieleze kwa nini rangi na umbo havitoshi, kwa kuwa kaka yako hakukosea kutafuta, bali alitafuta mahali pasipotuhusu. Nchini Marekani kuna kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1995, inayotaka karibu kila kidonge kinachouzwa huko kiwe na alama ya herufi au tarakimu ambayo, ikiunganishwa na rangi, umbo na ukubwa, humtambulisha mtengenezaji na dawa yenyewe. Tovuti za kutambua vidonge zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Kwetu, sehemu kubwa ya vidonge vya moyo hutoka India, na vingine katika viwanda vya hapa Afrika Mashariki, na vingi havina alama yoyote isipokuwa mkato wa kukatia nusu. Ukiingiza picha ya kidonge kisicho na alama, tovuti itakuletea tu kidonge cha Marekani kinachofanana nacho. Hata huko kwenyewe kazi hii si rahisi: Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilikuwa na huduma yake ya kutambua vidonge iitwayo Pillbox, na ikaifunga mwaka 2021.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo wagonjwa wengi waliobadilishiwa vali za moyo huimeza kila siku. Kwa kuwa kipimo chake hakina nafasi ya makosa, watengenezaji waliamua kuipa kila nguvu rangi yake. Uingereza, kidonge cha waridi ni cha miligramu 5 na cha rangi ya kahawia ni cha miligramu 1. Marekani, cha waridi ni cha miligramu 1. Cha buluu ni miligramu 3 kwa Waingereza na miligramu 4 kwa Wamarekani. Basi ndugu wa Birmingham na ndugu wa Boston wanaweza kumshauri mama mmoja kwa simu, kila mmoja akiwa sahihi kwa nchi yake, na mama akameza mara tano ya anachostahili au akapata sehemu moja tu kati ya tano. Mara tano ya warfarin, kwa siku chache tu, humfanya mtu atokwe na damu kwenye fizi, kwenye mkojo, au ndani ya kichwa ambako haionekani.

Warfarin walau ina mpango wa rangi. Vidonge vyeupe vidogo havina hata huo. Furosemide, enalapril, carvedilol, digoxin, atenolol na amlodipine, zote zipo katika umbo hilo kutoka kiwanda kimoja au kingine. Na nje ya dawa za moyo ipo prednisolone, ambayo huufanya mwili ushikilie maji na chumvi, yaani hufanya kinyume cha kile ambacho mama anatibiwa, na ipo glibenclamide, dawa ya kisukari, ambayo humshushia sukari asiye na kisukari hadi akazimia. Mkato uliouona katikati hautambulishi chochote. Umewekwa ili kidonge kikatike sawasawa pale daktari anapoandika nusu.

Tukija kwenye vidonge vya manjano, kaka yako anaweza kuwa amekosea au amepatia, na bado hitimisho lake lisiwe sahihi. Aldactone ya miligramu 25 inayouzwa Marekani, ambayo ndiyo spironolactone, ni ya mviringo na ya manjano hafifu. Dapagliflozin ya miligramu 5 ya kampuni iliyoibuni nayo ni ya mviringo na ya manjano. Ya kwanza ni dawa ya moyo tangu zamani. Ya pili iliingia sokoni kama dawa ya kisukari, na tovuti nyingi bado zinaitambulisha hivyo, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba huwasaidia wagonjwa ambao moyo wao hausukumi damu vizuri, wawe na kisukari au wasiwe nacho, na tangu hapo imeingia katika miongozo ya tiba ya moyo. Kwa hiyo kusikia kwamba kidonge ni “cha kisukari” kusikufanye uamini kwamba hospitali imekosea, wala kusikufanye utulie, kwa sababu kati ya dapagliflozin na glibenclamide kuna tofauti kubwa mno kwa mtu kama mama. Jibu liko kwenye fomu ya kuruhusiwa, wala halimo kwenye picha.

Katika fomu hiyo, tafuta jina la dawa lenyewe, si jina la biashara. Kiwanda kinaweza kuipa furosemide jina lolote kinalotaka, na wengi wetu tunaiita Lasix hata pale ambapo pakiti imeandikwa vingine, lakini jina la kitaalamu lazima liwepo chini yake, mara nyingi kwa herufi ndogo, likifuatiwa na uzito kwa miligramu. Nayaandika majina hapa kama yanavyochapwa kwenye pakiti, kwa kuwa ndivyo utakavyoyasoma. Mwisho wa jina hukuonyesha ukoo wa dawa: zinazoishia na “pril”, kama enalapril na lisinopril, hufanya kazi moja, zinazoishia na “sartan”, kama losartan, ni jirani zake wa karibu, za “olol” na carvedilol hupunguza kasi ya moyo, za “statin” hushusha lehemu. Ukiona majina mawili ya ukoo mmoja kwenye fomu moja, au enalapril na losartan kwa pamoja, uliza kabla ya kununua. Mara nyingi ni dawa iliyobadilishwa na ya zamani ikasahauliwa kufutwa.

Hukutaja majina, lakini kwa mgonjwa wa moyo uliotanuka orodha ya dawa tano ninayoitarajia ni furosemide, spironolactone, enalapril au losartan, carvedilol, na ya tano ambayo hubadilika kulingana na mgonjwa: inaweza kuwa dapagliflozin, digoxin, au warfarin. Nitazieleza nikidhani ndizo. Fomu ikisema tofauti, ifuate fomu.

Furosemide ndiyo inayoondoa maji. Huzifanya figo zitoe chumvi nyingi, na maji hufuata chumvi. Kidonge huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya saa sita hivi, na hapa ndipo penye ufumbuzi wa malalamiko mengi ya wazee. Wengi huiacha kwa sababu huwasumbua safarini au msikitini, wala hawasemi. Mama akiwa na safari ya asubuhi, muulize daktari kama anaweza kuimeza siku hiyo akirudi, ilimradi isiwe usiku, badala ya kuiruka. Dawa hii hutoa pia potasiamu, na potasiamu ikipungua sana mapigo huvurugika.

Spironolactone nayo hutoa maji, ila kwa kiasi kidogo, na huibakiza potasiamu. Si nyongeza ya furosemide kama wengi wanavyodhani. Kazi yake kuu ni kuzuia homoni inayofanya moyo uliochoka uzidi kujaa makovu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliona vifo vikipungua kwa asilimia 30 kati ya wagonjwa wenye moyo dhaifu sana walioipata. Kasoro yake inatugusa sisi watu wa pwani moja kwa moja: dafu lina potasiamu nyingi. Mtu anayemeza spironolactone pamoja na enalapril, ambayo nayo huibakiza potasiamu, akawa anapewa madafu kila siku “yamsafishe figo”, anaweza kuipandisha potasiamu hadi moyo ukasimama bila dalili ya kutangulia. Dafu moja la mara mojamoja si neno kwa mwenye figo nzima. La kila siku, hapana, mpaka vipimo vya damu viseme. Zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha nazo mara nyingi zina potasiamu nyingi. Vipimo vya figo na potasiamu hupaswa kufanywa mnamo wiki ya kwanza baada ya kuanza dawa hii na tena mwezi wa kwanza ukitimia. Kama mama hajafanyiwa, liwe swali lako la kwanza kliniki.

Enalapril hulegeza mishipa ili moyo usukume damu dhidi ya ukinzani mdogo. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 2.5, na kupandishwa taratibu, ndiyo maana kidonge cha mwezi ujao kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha sasa. Baadhi ya watu huwapa kikohozi kikavu kisichokoma, na mzee huanza kunyweshwa tangawizi na asali wakati tiba ni kubadilishiwa losartan. Jambo la nadra lakini la hatari ni kuvimba midomo, ulimi au koo: hilo likitokea, dawa isimezwe tena na mgonjwa akimbizwe hospitali.

Kuhusu carvedilol nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa ndiyo dawa ambayo wagonjwa huichukia kabla hawajaona faida yake. Moyo dhaifu hujaribu kufidia udhaifu wake kwa kwenda mbio, na mbio hizo huuchosha zaidi, kama mpagazi anayekimbia na mzigo uliomzidi. Carvedilol humpunguzia mwendo. Wiki za mwanzo mama anaweza kuhisi uchovu na kizunguzungu kuliko alivyokuwa hospitali, na hapo ndipo mtu huamua kwamba “dawa hainifai”. Faida hujitokeza baada ya miezi. Imezwe pamoja na chakula, asubuhi na jioni, ili presha isishuke ghafla. Isiachwe ghafla kamwe, kwa sababu moyo uliozoea kuzuiwa, ukifunguliwa ghafla, huruka mbio na unaweza kupata mshtuko. Na kama mama ana pumu, daktari ni lazima ajue.

Ya tano ikiwa dapagliflozin, itaongeza mkojo na kuutia sukari, hivyo usafi wa sehemu za siri unahitaji uangalifu ili fangasi wasipate nafasi. Akiharisha, akitapika au akishindwa kula, piga simu kliniki uulize kama isimamishwe kwa siku hizo. Kwa sababu hiyohiyo, kama mama hufunga, suala la Ramadhani lizungumzwe na daktari tangu Shaabani, si usiku wa kuamkia mwezi mosi. Ikiwa digoxin, ambayo huupa moyo nguvu ya kusukuma na kuupunguzia kasi, jua kwamba tofauti kati ya kipimo cha kutibu na cha kudhuru ni ndogo: kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu vikiwa na umanjano, au mapigo kwenda polepole sana ni sababu ya kuirudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Zipo nguvu mbili zinazochanganywa mara kwa mara, miligramu 0.125 na miligramu 0.25, na katika mwandiko wa haraka huwa vigumu kuzitenganisha. Aspirini na dawa za lehemu huongezwa pale tatizo lilipoanzia kwenye mishipa ya moyo yenyewe, na hapo aspirini ni ile ya miligramu 75 hadi 100, si ya 300 ya maumivu ya kichwa.

Mama anataka kuacha mbili. Mwulize ni zipi na zinamfanyaje, kwa utulivu, bila kumkemea, kwa kuwa nadhani atataja furosemide kwa sababu ya choo na enalapril kwa sababu ya kikohozi, na zote mbili zina ufumbuzi usiohitaji kuacha. Kilicho kingi zaidi katika nyumba zetu ni dawa zinazoongezwa kimyakimya. Diclofenac kwa ajili ya magoti, ibuprofen kwa mgongo: zote hushikilia maji, huzibana figo na kuzima sehemu ya kazi ya furosemide na enalapril. Nimeona wagonjwa wakirudishwa wodini wakiwa wamevimba tena, na ukichunguza unakuta vidonge vya maumivu vya duka la jirani. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol inamtosha. Co-trimoxazole, dawa ya kuua bakteria, nayo huipandisha potasiamu ikikutana na enalapril na spironolactone, na kwa mwenye warfarin, hiyo pamoja na metronidazole, nayo ya kuua vijidudu, huongeza hatari ya kutokwa na damu. Kila anaponunua dawa nyingine, duka la dawa lioneshwe orodha yake.

Dawa mpya mtakazopewa zibaki kwenye pakiti zake mpaka wakati wa kumezwa. Zikihesabiwa kwenye bahasha, usiondoke dirishani kabla jina, miligramu na saa za kumeza hazijaandikwa juu yake. Alama ya “1x2” peke yake haikwambii ni dawa gani. Piga picha ya kila pakiti na bahasha, upande wenye jina na tarehe ya kuisha muda, na picha hizo ndizo za kumtumia kaka. Kisanduku cha vyumba saba vya juma kinafaa kwa mzee anayesahau, mradi kijazwe na mtu mmoja na pakiti zisitupwe. Vyote viwekwe juu, mahali ambapo mjukuu hafiki hata akipanda kiti.

Kaka yako, nadhani, atapendekeza atume dawa kutoka huko. Nisingeshauri, kwa sababu dawa za kiini kilekile zinapatikana hapa, na mama akizoea vidonge vya sura ya Marekani halafu mzigo ukachelewa, mkanganyiko huu utarudi. Akitaka kusaidia, anunue mizani ya kupimia uzito na mashine ya presha ya mkononi. Mama apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na uandike kwenye daftari. Ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unene. Mpeleke kliniki siku hiyo na daftari lake, hata kama miguu haijaanza kuvimba.